Pete Mbili za Mtendeni

Mkaguzi Julieth Kasanda alikuwa ameshakwenda wodini mara tatu, na mara zote tatu alimtazama mgonjwa usoni. Mara ya nne, Alhamisi saa mbili asubuhi, ndipo alipomtazama mikono.

Tobia, fundi wa mizinga ya nyuki wa Mtendeni, alikuwa amelala chali. Vidole vyake vilicheza juu ya shuka bila kupumzika, kama mtu anayeshona nguo isiyoonekana. Fizi zilikuwa zimevimba, ulimi mzito. Kwa wiki nzima hakuwa amesema neno la kueleweka. Kando ya kitanda alikaa mdogo wake, Jilala, na kikombe cha uji na kijiko, akimlisha taratibu, akimfuta kidevu kila baada ya funda.

"Sista Advera," Julieth alimwita muuguzi, "hii pete yake ni ya fedha?"

Advera aliinama. "Ndiyo pete yake ya ndoa, Afande. Nimeisugua kwa spiriti nikidhani ni dawa imeimwagikia. Haitoki. Ni nyeupe tu hivyo."

"Ni ya dhahabu," Jilala alisema bila kuinua macho. "Dhahabu yake nilitoa mimi. Yake na ya shemeji. Wakati ule bado niko machimboni, Nzega."

"Na ilikuwa na rangi gani siku ya harusi?"

"Ya dhahabu, Afande. Rangi gani tena?"

Julieth aliomba sabuni. Waliitoa pete kwa shida, akaitia kwenye bahasha, akaandika tarehe na saa, Advera akasaini kama shahidi. Jilala aliendelea kukoroga uji uliokwisha kupoa.

Kituoni, Julieth alifungua kabati la vielelezo na kutoa bahasha nyingine, ya vitu vya mtuhumiwa. Ndani mlikuwa na rozari, leso na pete. Aliziweka pete mbili juu ya karatasi. Zilitengenezwa na sonara mmoja siku moja, na kwa ndani zilichorwa tarehe ileile. Ya mume ilikuwa nyeupe kama bati jipya. Ya mke ilikuwa ya njano, imefifia kidogo, lakini ya njano.

Mtuhumiwa aliitwa Konsolata Sindayigaya, mke wa Tobia, mzaliwa wa Ulyankulu. Siku tisa nyuma wifi yake mkubwa, Mhoja, alikuja kituoni na furushi la mizizi aliyoikuta jikoni, akasema mbele ya kaunta nzima kwamba mwanamke yule anamuua mdogo wake. Madaktari nao walikuwa wamesema wanachokiona kinafanana na sumu, ila ni sumu gani hawajui. Mizizi ilipimwa. Ilikuwa dawa ya kawaida ya kikohozi, ile inayouzwa sokoni mchana kweupe. Sampuli za damu zilipelekwa maabara ya mbali, na majibu yasingerudi kabla ya wiki mbili. Ijumaa, yaani kesho yake, Konsolata alitakiwa kusomewa shitaka la kujaribu kuua.

Walimleta chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwembamba, aliyeficha mikono yake chini ya khanga.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Kaa, dada. Nataka nikuulize jambo moja tu. Wewe unalala wapi?"

"Nyumbani kwangu."

"Chumba gani?"

"Chumba cha mume wangu. Nilale wapi kwingine?"

"Wifi yako anasema tangu Tobia aanze kukohoa ulihama chumba."

"Wifi anakaa Igalula. Atajuaje ninapolala?" Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa namkalisha kitako apumue. Usingizi wenyewe alikuwa hapati. Nimelala kitanda kile kila siku mpaka siku mliyonichukua."

"Niwekee mikono mezani."

Konsolata alisita, kisha akaitoa. Ilikuwa inatetemeka. Kwenye jalada mtu alikuwa ameshaandika kuhusu hilo: *mtuhumiwa hutetemeka anapoulizwa habari za mumewe.* Julieth aliitazama mikono ile kwa muda. Sasa hivi hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu.

"Ilianza lini hii?"

"Hata sijui. Hata kushika kikombe ni kazi. Nilidhani ni uchovu wa kuuguza."

Baada ya Konsolata kurudishwa mahabusu, Koplo Nikolaus alichukua pete ya Tobia, akaigeuza mwangani. Nikolaus alikuwa amefanya kazi miaka minne kwenye vituo vya maeneo ya machimbo kabla ya kuhamishiwa Tabora.

"Hii naijua, Afande. Zebaki hii. Wachimbaji huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki itoke; mchimbaji akivaa pete wakati huo, inakuwa hivi. Mvuke wake unaifuata dhahabu popote ilipo." Aliiweka chini. "Fundi wa mizinga zebaki kaipata wapi?"

"Kamwagiwa? Kaishika?"

"Angeishika ingekuwa na mabaka. Hii imepauka pande zote sawasawa. Alikuwa anaivuta hewani." Kisha akasema kilichokuwa kinawajia wote wawili. "Mume kalala kwenye mvuke. Mke anasema kalala kitanda hichohicho. Mbona yake haijapauka?"

Lilikuwa swali zito. Jibu jepesi lilikuwa moja: Konsolata anadanganya, hakulala mle chumbani, na kama hakulala basi alijua kwa nini. Kwa ushahidi huo hakimu yeyote angempeleka rumande. Julieth aliliandika swali lile kama lilivyo kwenye daftari lake, bila kuandika jibu. Kisha akaita gari.

Tabora mtu wa kumuuliza jambo kama hilo alikuwa mmoja. Dakta Elieth alikuwa mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam, na mwezi ule alikuwa likizo, amekuja kumuuguza mama yake. Asubuhi alikuwa akijitolea kufundisha kwenye maabara ya sekondari moja ya wasichana. Julieth alimkuta anaosha mirija ya kupimia, koti jeupe limefungwa kifungo kimoja.

Alizisikiliza habari zote mpaka mwisho. Kisha alifunga bomba na kukausha mikono.

"Afande, unajua mimi nimesomea nini hasa?"

"Fizikia."

"Nimesomea atomi moja ikitua juu ya chuma. Moja tu. Watu nyumbani wananicheka, wanasema miaka minane yote hiyo kwa kitu kimoja kisichoonekana." Alivuta stuli. "Zebaki ikipata moto inapanda hewani atomi moja moja. Kila moja inatangatanga chumbani mpaka igonge kitu. Ikigonga ukuta, mara nyingi inaruka na kwenda zake. Ikigonga dhahabu safi, inanasa. Ikishanasa inatambaa juu yake, inakutana na wenzake, inazama ndani. Ndiyo weupe huo."

"Na dhahabu isiyo safi?"

"Hapo ndipo ilipokwenda ile miaka minane." Elieth alitabasamu kidogo. "Uchafu, Afande. Tabaka jembamba hata jicho halilioni. Uchafu wa aina moja unaibana atomi isitambae, wa aina nyingine unaizuia isiguse chuma kabisa. Wengi wanauliza atomi imefanya nini. Mimi huuliza kwanza imekuta nini juu pale. Huyo mama anafanya kazi gani?"

"Anasafisha nta. Anachemsha masega, anachuja, anamwaga kwenye vibati. Anauzia chama cha wafuga nyuki."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono, kila siku."

"Na mume?"

"Anatengeneza mizinga. Mbao, randa..." Julieth alikomea hapo. "Msasa. Anapiga msasa mbao kutwa nzima."

"Basi mmoja anaisugua pete yake kila siku mpaka inabaki dhahabu tupu, na mwenzake anaipaka nta kila siku." Elieth alinyoosha mkono. "Naweza kuitazama ya mama? Sitaifuta. Sitaigusa ila kwa koleo."

Aliiweka chini ya hadubini, taa ikiwaka ubavuni. Alitazama kwa muda mrefu, akiizungusha kidogo kidogo, midomo imebanwa. Julieth alisimama nyuma yake akisikiliza wasichana wakiimba somo la Kiswahili darasa la jirani.

"Njoo uone. Usitikise meza."

Kwenye kioo Julieth aliona ardhi ya njano iliyofunikwa na kitu kama mafuta yaliyoganda, chenye michirizi ya vidole. Elieth alizungusha pete mpaka upande wa kiganjani, ule unaokwaruzwa na mipini ya sufuria. Pale palikuwa na mikwaruzo kama mitano, na ndani ya kila mkwaruzo palikuwa na mstari mweupe, mwembamba kama unyoya.

"Nta ilipokwanguka, zebaki imeingia," alisema Elieth. "Imeingia hapo tu. Kwingine kote haikupata pa kushika. Huyo mama alikuwa mle chumbani, Afande. Amevuta hewa ileile. Pete ndiyo iliyokingwa. Mapafu yake hayakupakwa nta."

Julieth aliikumbuka mikono juu ya meza. Kwa siku tisa walikuwa wamemweka ndani mgonjwa wa pili.

"Mahakamani watasema ni maneno ya mtaalamu tu," alisema. "Nahitaji kitu cha kuonyesha."

Elieth alifikiri. Kisha alipeleka mikono masikioni, akavua hereni zake, vipete viwili vidogo vya dhahabu.

"Hapana, Dakta. Zitaharibika."

"Itaharibika moja."

Nikolaus alitumwa Mtendeni kuleta kipande cha nta kutoka karakana ya Konsolata. Hereni moja Elieth aliisafisha kwa msasa laini na spiriti. Ya pili aliisugua kwa vidole vyenye nta, kama mtu anavyoshika pete yake akiwa kazini, kisha akaifuta kwa kitambaa mpaka ikaonekana safi kabisa. Alivaa glavu na barakoa, akaenda nje nyuma ya jengo, akazining'iniza zote mbili kwa uzi ndani ya chupa, juu ya tone la zebaki kutoka kipimajoto kibovu. Alifunga kifuniko, akazungushia gundi ya karatasi, akaiweka chupa juu ya bati kwenye jua la saa tano. Julieth aliandika muda, na mwalimu wa zamu akasaini.

"Sasa tunangoja," alisema Elieth. "Ninyi nendeni mkaitafute ilikotoka."

Nyumba ya Tobia ilikuwa na vyumba vitatu vyenye ukuta wa tofali za kuchoma na paa la bati, bila dari. Cha mbele cha wageni, cha kati cha wenye nyumba, cha nyuma cha Jilala, aliyerudi kuishi na kaka yake tangu mwaka juzi. Polisi walikuwa wameshaipekua nyumba ile, lakini walipekua jiko, kwa sababu waliambiwa jiko.

Julieth alisimama chumba cha kati, akainua kichwa. Kuta hazikufika juu. Kati ya ukuta na bati palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono na kichwa pamoja.

"Nikolaus! Nenda chumba cha nyuma. Funga mlango na dirisha. Choma karatasi."

Hazikupita dakika mbili. Moshi ulitokea juu ya ukuta, ukapiga bati, ukateremka polepole na kutulia juu ya kitanda cha Tobia na Konsolata kama chandarua.

Chumba cha nyuma kilikuwa kisafi, kimefagiwa, kitanda kimetandikwa. Pembeni palikuwa na jiko la mkaa. Chini ya kitanda, ndani ya shati kuukuu, walikuta kikaango kidogo cha chuma kilichobadilika rangi kwa moto. Nikolaus alipiga magoti, akapitisha brashi ya rangi kwenye nyufa za sakafu, akazikusanya taka juu ya karatasi nyeupe. Aliitikisa karatasi. Katikati ya vumbi viliviringika vitone vitatu vya kung'aa, vikakimbizana, vikaungana kuwa kimoja.

Walipoinuka, Jilala alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji mkononi. Alikuwa amekuja kuchukua shuka za mgonjwa.

"Ingia tu, kwako hapa," alisema Julieth. "Kaa kitandani. Nikolaus, andika. Jilala, unachimba tena?"

Jilala alitazama karatasi, akatazama kikaango.

"Nilimwapia kaka kuwa nimeacha."

"Sikukuuliza ulichomwapia."

"Ndiyo. Nachimba." Alikaa. "Shimo lilituangukia mwaka juzi, Afande. Rafiki yangu alibaki mle. Kaka akaja mwenyewe kunichukua Nzega. Alinishika mkono mbele ya watu akaniambia hutarudi humu, apa. Nikaapa. Sasa ningemwambiaje?"

"Ukawa unachoma humu ndani."

"Mara sita. Saba hivi. Mchana, wao wakiwa kazini. Nilifunga dirisha majirani wasione. Moshi wake unakaba, kwa hiyo naacha kikaango juu ya jiko, natoka kukaa uani mpaka kipoe."

"Na jioni wao wanarudi wanalala humo."

"Moshi unakuwa umeisha, Afande."

"Umeona ukiisha?"

Julieth alimweleza. Alimweleza kwa maneno machache na bila kupandisha sauti: nafasi iliyo juu ya ukuta, atomi zinazotua kwenye bati, kwenye neti, kwenye mto, na kunyanyuka tena kila chumba kinapopata joto. Alimweleza kuhusu fizi na mikono. Jilala alisikiliza akiwa amefungua mdomo kidogo, kama mtoto anayesomewa matokeo. Alipoelewa, kikombe kilimtoka, uji ukamwagika miguuni pake na hakusogeza miguu.

"Ni mimi," alisema. "Kila siku nakwenda kumlisha, na ni mimi." Alijipiga kifua mara moja, kwa nguvu. "Na shemeji mmemfunga. Mhoja alipomshitaki kwenu mimi nilijua hana kosa, niliona anavyomuuguza. Nikanyamaza, maana mngeanza kuipekua nyumba nzima. Nilidhani mtamwachia tu."

"Hiyo dhahabu ulikuwa unaitafutia nini?"

"Mashine ya randa. Ya umeme. Kaka bado anaranda kwa mkono."

Nikolaus aliacha kuandika. Julieth alimwonyesha kwa kidole aendelee, halafu akatoka uani na simu, akampigia daktari wa zamu.

"Ni zebaki, Daktari. Mvuke. Nina uhakika, na ushahidi nakuletea. Na kuna mgonjwa wa pili, mkewe. Labda na wa tatu."

Upande wa pili makaratasi yakasikika. "Kuna dawa ya kuitoa mwilini," alisema daktari. "Hapa hatuna. Nikiagiza Mwanza sasa hivi inaweza kufika kesho mchana. Afande, tulikuwa tunamtibu vitu vingine kabisa. Asante."

"Atapona?"

"Ataondolewa hapo penye sumu na atapewa dawa. Mikono itachukua muda. Nina matumaini kuliko jana."

Saa tisa na nusu walirudi maabara. Elieth alikuwa ameketi kivulini, macho kwenye chupa. Alinyoosha kidole tu. Hereni moja ilikuwa imepauka, imekuwa rangi ya bati. Mwenzake ilikuwa bado ya njano, ikizunguka taratibu kwenye uzi wake. Julieth alipiga picha nne, akaandika maelezo ukurasa mmoja na nusu. Elieth alisaini chini.

Mkuu wa upelelezi wa mkoa aliyasoma maelezo yale kwa kusimama. Aliuliza maswali matatu, yote ya maana, kisha akapiga simu kwa mwendesha mashitaka. Shitaka la kesho liliondolewa. Kuhusu Jilala alisema kesi yake itakwenda kwa njia yake: kuna uzembe, kuna zebaki bila kibali, na kuna ukimya wake. Julieth alisema ndiyo. Kisha akaomba kwamba mtu huyo aandike maelezo yake akiwa huru kwa dhamana ya kituo, kwa vile hana pa kukimbilia ila hospitali. Mkuu alimtazama, akasaini.

Konsolata alitolewa mahabusu jua likiwa limeinamia mapaa ya soko. Julieth alimrudishia vitu vyake, isipokuwa pete, na kumweleza kwa nini. Alimweleza yote, hata sehemu ya Jilala, kwa sababu alijua mwanamume huyo yuko kwenye benchi la nje na watakutana mlangoni.

"Nimekuweka ndani siku tisa ukiwa mgonjwa," alisema mwishoni. "Nisamehe, dada."

Konsolata aliitikia kwa kichwa. Alichukua muda kuifunga leso yake, vidole vikikataa, na Julieth alilazimika kujizuia asimsaidie.

Nje, Jilala aliinuka alipomwona, akapiga magoti kwenye saruji mbele ya askari na watu waliokuja kutoa taarifa zao. Alikuwa akisema "shemeji, shemeji" tu.

Konsolata alisimama juu yake. Askari wa kaunta akaacha kuandika. Uso wake ulikuwa na hasira, Julieth aliiona wazi, hasira ya siku tisa za sakafu ya mahabusu na ya kuitwa muuaji na ukoo mzima. Akavuta pumzi, akakohoa, akashika ukuta.

"Wewe nawe unakohoa?" aliuliza.

Jilala aliinua uso, hakuelewa. "Kidogo. Asubuhi."

"Mdomo una ladha ya chuma?"

"Ndiyo."

"Basi inuka." Alimshika shati begani, akamvuta, ingawa nguvu zenyewe hakuwa nazo. "Haya mengine nitakuambia siku nyingine, na utayasikia yote. Sasa hivi twende hospitali ukapimwe. Tulilala watatu katika nyumba ile."

Walitoka langoni pamoja, mikono ya mmoja ikitetemeka kwenye bega la mwingine, na Nikolaus akakimbia kuwafungulia mlango wa gari.